Vidole Vinne vya Kikwembe

Nyumbani kwetu Majengo kuna ugomvi mmoja wa mama na fundi wa nguo ambao mama hausimulii bila kucheka. Wiki mama alipoolewa, mama yake, yaani bibi yangu, alishuka kutoka Butembo na kikwembe, kitenge cha buluu chenye ndege weupe, akakipeleka Birere, mtaa wa mafundi, kwa huyo fundi. Siku ya kujaribu gauni, mama aligundua kwamba fundi amebakiza ndani ya mshono kitambaa cha upana wa vidole vinne, kila upande.

"Papa, hii ni ya nini?" akamuuliza fundi.

"Ya kesho, mama. Utazaa, utanenepa."

"Miye? Sitanenepaka! Kata!"

Fundi akachukua mkasi, akamgeuzia mgongo.

Enzi hizo baraza ya fundi ilikuwa na vyerehani tisa. Noeli ikikaribia, wateja walisinzia kwenye benchi, vikwembe mapajani, wasipoteze zamu. Hakuna aliyeingia kanisani au msikitini na gauni ambalo mtu wa Birere hakuwa amelipitishia mkono.

Mwaka huu dada yangu alipopata mchumba, mama alitoa lile gauni sandukuni. Bibi alikuwa ameshatutoka, na mama alitaka kumwoza binti yake yeye mwenyewe akiwa amevaa kikwembe cha mama yake. Gauni lilimfika mama kiunoni likagoma. Tulivuta, dada mbele, mimi nyuma. Mama akakaa kitandani. Ndege wale hawachapishwi tena. Hakuna duka ambalo lingetupatia hata kipande cha kuongezea.

"Twende kwa yule muzee," nikasema.

"Anicheke? Na nilimukatisha mwenyewe!"

Lakini akaenda, nami nikamfuata.

Kwenye baraza kimebaki cherehani kimoja, miguu yake imekaa juu ya mawe ya volkano ili isiyumbe. Ng'ambo ya barabara watu wameinamia malundo ya mitumba, na fundi anaishi kwa kufupisha suruali zinazotoka huko. Alimtazama mama kutoka kilemba hadi viatu, taratibu, kwa raha.

"Karibu, mama ya Sitanenepaka."

Hata mteja mmoja aliyekuwa akisubiri suruali yake alicheka. Mama alimrushia fundi gauni. Fundi akaligeuza ndani nje, akafumua bitana kwa wembe, uzi kwa uzi, huku akiimba puani. Kisha akavuta. Vidole vinne vya kikwembe vikajikunjua kila upande, vya buluu nzito kama siku kilipotoka dukani, maana havikuwahi kuona jua wala sabuni.

"Muongo weye! Miaka yote hii!"

"Nilikata uzi tu, mama. Kitambaa ya mama yako niliiogopa."

Mama aliushika ule ukanda wa buluu, akaupitisha shavuni. Nilidhani atalia. Akauliza, "Lakini itaonekana? Hapa imepauka, hapa mupya?"

"Itaonekana. Watasema ni modeli ya Kinshasa."

Mwenye suruali akaunga mkono: yeye angelipia modeli hiyo.

Fundi alipoweka gauni chini ya sindano, mama alimzuia mkono. Akanyoosha vidole viwili, akavilaza juu ya kitambaa.

"Usifungue yote. Hii ubakishe. Huyu wa kuandikaandika," akaninyooshea kidevu, "naye siku moja ataolewa, na miye nitanenepaka tena."

Fundi alikanyaga pedali, mabega yakimtikisika kwa kicheko.