Mama Mirriam Nangila, Aliyepumzika Siku ya Alhamisi

Alizaliwa njiani. Mama yake, Khalayi, alikuwa akirudi kutoka soko la Kimilili mwaka wa 1938 uchungu ulipomshika kando ya shamba la wimbi, ndipo mtoto akaitwa Nangila, kama Wabukusu wanavyowaita wasichana waliozaliwa safarini. Padre alipombatiza alimwongezea jina la Mirriam. Aliolewa na Javan Makokha, na mwaka wa 1965 wakahamia Nairobi, mtaa wa Kariobangi, katika nyumba ya chumba kimoja iliyogawanywa kwa pazia. Javan aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni. Siku zile mtaa ulikuwa bado na nafasi ya kupumua. Watoto walicheza mpira wa kati hadi king'ora cha kiwandani kilie, wanawake walipanga ndoo mferejini huku wakichekana, na mtoto aliyelia nyumba hii alibembelezwa na nyumba ya pili.

Mwaka wa 1976 Khalayi alipooza upande mmoja, na Nangila akamleta Nairobi. Hapo ndipo msalaba wake ulipoanza. Kwa desturi yao, mkwe wa kiume halali nyumba moja na mama mkwe, wala hamgusi mkono. Javan, mtu wa adabu, akahamishia blanketi lake kwa mwenzake wa kazini huko Eastleigh. Jioni alikuja akala nje, amekalia debe, akamwamkia mkwewe akiwa ameugeukia ukuta. Majirani walimtania kwamba amefukuzwa na pazia. Kwa hiyo ndani hakubaki mtu mzima wa kumsaidia Nangila. Alimgeuza mama kitandani, akamnawisha, akamlisha uji, na watoto wake wakiwa wamemshika gauni. Akamwekea Mungu nadhiri kwamba hataketi mchana maadamu mama yake yu hai. Aliamini kwamba hiyo ndiyo shukrani ya mwana kwa mzazi.

Nadhiri hiyo aliishika mpaka masika ya mwaka wa 1978. Mchana mmoja, akisinzia kwa kusimama, alimnywesha kitinda mimba wake, Andati, dawa ya usingizi ya bibi yake. Mtoto akalegea kama kitambaa kilicholowa. Jirani yake Mishi, Mwislamu wa kutoka Mombasa aliyekuwa akimtunza baba yake kipofu, Mzee Kombo, alimnyakua mtoto akakimbia naye zahanati. Andati aliamka kesho yake akidai chai. Lakini Nangila alikaa kizingitini akisema hafai kuwa mama wala hafai kuwa mwana.

"Hufai kweli, shoga yangu," Mishi akamwambia, "kwa sababu umechoka. Hata punda hutuliwa mzigo. Wewe nani amekukataza kuutua?"

Nangila akamweleza nadhiri yake. Mishi akasema, "Mungu hakukuomba hiyo. Ulimpa nguvu ambazo huna. Alhamisi nitakaa mimi na mama yako. Jumatatu utakaa wewe na baba yangu."

Nangila alimwendea padre, naye akamfungua nadhiri. Tangu hapo, kila Alhamisi adhuhuri, Mishi alitundika leso yake nyekundu mlangoni pa Nangila, na mtaa ukajua kwamba mwenye nyumba haitwi. Nangila alikwenda kanisani, akaketi benchi la nyuma, akalala. Katekista alipomkemea kwamba kanisa si bweni, alijibu kwa upole, "Nyumbani naitwa na wote kwa pamoja. Hapa naitwa na Mmoja tu, naye hakasiriki nikisinzia." Jioni alirudi akiimba, na Khalayi, ambaye hakuwa ameimba tangu apooze, akaanza kumwitikia kwa nusu ya mdomo wake. Watu husimulia kwamba maharagwe aliyoyaacha jikoni siku hizo hayakuungua hata mara moja. Mishi akisikia hayo hucheka, husema kwamba muujiza ule ulikuwa na mwiko, na mwiko alikuwa nao yeye.

Hata hivyo, wanawake wa jumuiya ya kanisa walinung'unika. Mwenyekiti wao alimuuliza mbele ya wote itakuwaje mama yake akikata roho yeye akiwa amelala, tena mikononi mwa mtu asiyejua hata Salamu Maria. Hofu hiyo ilimsindikiza Nangila kila Alhamisi hadi kanisani, naye alikwenda nayo.

Ikatokea kama walivyosema. Alhamisi moja ya mwaka wa 1983 pumzi ya Khalayi ilianza kukatika. Mishi alimwekea rozari mkononi, akainuka atume mtu kanisani. Khalayi akamshika gauni kwa mkono wake mzima.

"Usimwite, mwanangu," alisema. "Mimi nilimzaa njiani, sikumpa hata pa kulala. Mwache alale."

Nangila alirudi akakuta macho ya mama yake yamefumbwa vizuri. Mishi alimweleza maneno hayo, nao wakalia pamoja. Matanga yalipokwisha na Alhamisi ikarudi, Nangila alikaa kitandani pa mama yake, akasema hana tena haki ya kwenda. Mishi hakubishana naye. Alitoka nje akatundika leso. Nangila akaitazama kwa muda, akavaa viatu, akaenda.

Alifariki mwaka wa 1988, usingizini, Javan akiwa kando yake. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, lakini Kariobangi haikungoja. Wanawake wenye wazazi ndani na watoto mgongoni wamejifunza kupokezana, Mkristo kwa Mwislamu. Nawe unayemgeuza mama kwa mkono mmoja na kumshika mtoto kwa mwingine, muige Nangila: mtafute jirani, utue mzigo, upumzike bila aibu. Na ukipita ukaona leso nyekundu mlangoni mwa mtu, usipige hodi.