Hewa ya Tangi la Shemeji

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupigana na kutu tumboni mwa meli. Yako matangi ya chini na ya ubavuni yanayojazwa maji ya bahari meli inaposafiri bila mzigo, ili isiyumbe. Maji yakishatolewa, chuma kinabaki na chumvi, unyevu na giza, na hapo kutu inakaa kitako kama mgeni asiyeaga. Sisi ndio tuliokuwa tukiitoa. Tuligonga, tukakwangua, tukasuuza chumvi yote, kisha tukapaka rangi kwa brashi kwenye kona na mishono ya chuma kabla ya kupuliza kwa mashine, maana kutu huanzia pale rangi ilipo nyembamba. Mwisho tulifunga vipande vya zinki, viliwe vyenyewe na kutu, chuma kibaki. Naeleza haya yote ili ijulikane kwamba aliyefanya upumbavu ninaotaka kuusimulia hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa fundi, tena fundi mwenye maringo.

Dada yangu ameolewa Garissa, mtaa wa Galbet. Mumewe ana lori la maji, analipeleka upande wa Dadaab na vijijini kote ambako watu wanasubiri maji. Alizaliwa Tarbaj, huko Wajir, akakulia visimani, akivuta maji ya ngamia kwa kamba tangu utotoni, na mikono yake hadi leo inaonyesha. Mimi na yeye ni utani mwanzo mwisho. Mimi humwambia Kiswahili chake kilitembea kwa miguu kutoka Wajir kikafika kimechoka, herufi p zote zimebaki njiani. Yeye huniambia watu wa Mombasa tunajua maneno tu, kazi hatuijui.

Mwaka ule giaboksi ya lori ilivunjika, ikawa lori limekaa uani halina safari. Akanipigia simu kuniuliza: tangi aliache wazi au alifunge? Nilikuwa nakunywa chai, nikajibu bila hata kuweka kikombe chini. Funga, nikamwambia, tena funga kisawasawa. Kutu inataka maji na inataka hewa, ukiinyima hewa itakufa njaa. Basi akakata raba ya tyubu ya gurudumu, akaizungusha chini ya mfuniko, akakaza nati zote. Chini ya tangi kulibaki maji ya chumvichumvi ya kisima, kina cha kiganja, kwa sababu bomba la kutolea lilikuwa limekwama. Sikumuuliza habari za maji hayo.

Lori lilikaa hivyo miezi mingi. Giaboksi ilipopatikana, alinitaka nije nimsafishie tangi na kulipaka rangi inayofaa maji ya kunywa, kabla halijaanza safari. Nikafunga virago, nyundo, brashi za waya na makwangulio yangu, nikaja.

Tulipanda juu ya tangi asubuhi, jua limeshakuwa kali. Nati zilikuwa zimeng'ang'ana. Ya mwisho ilipolegea, mfuniko ulikataa kuinuka, kisha ukafanya fyuuu, ukivuta hewa ndani. Leo nikiukumbuka mlio ule nywele zinanisimama. Siku ile nilicheka, nikampiga shemeji begani, nikamwambia, "Unaona ulivyofunga? Ungekuja kwetu tungekupa kazi."

Pale kwenye meli mtu haingii tangini hivi hivi. Mashine zinapuliza hewa kwanza, saa nyingi, halafu anakuja mpima hewa na kifaa chake, anaandika karatasi na kuibandika mlangoni, na mtu mmoja anakaa hapo hapo muda wote wenzake wakiwa ndani. Sababu ni nyepesi kabisa. Chuma kinapoota kutu kinakula ile ile hewa tunayovuta sisi. Tangi lenye unyevu likifungwa muda mrefu, hewa inaisha, na haina harufu ya kukuonya. Maneno haya nimewasomea wafanyakazi wapya mara nyingi kuliko nilivyowasomea wanangu Alhamdu. Nilikuwa nayajua. Lakini niliyajua kwa meli. Hapa nilikuwa nyuma ya nyumba ya dada yangu, mbuzi wanakula maboksi chini ya lori, pilau inanukia jikoni, na tangi lenyewe ni la kuingia na kuinamisha kichwa kidogo tu. Niliona ni sufuria kubwa tu.

Nikakaa ukingoni, miguu ndani. Shemeji akanishika bega. Mkononi alikuwa na kamba.

"Funga hii kwanza."

"Ya nini?"

"Kwetu kisima mtu haiingii bila kamba, shemeji. Kama iko mtu chini, iko kamba juu."

"Hiki ni kisima? Mimi ni ndoo?"

"Ndoo ikianguka tunanunua ingine," akasema.

Nilikasirika, si kidogo. Nimeingia matangi ya meli ambayo ungeweza kuswalisha ndani yake safu kwa safu, leo nafungwa kamba kama ndama! Dada alikuwa amesimama chini ya ngazi, akaniambia ama niivae au nishuke nikanywe chai. Nikaivaa, chini ya makwapa, huku nikinung'unika.

Na kamba ilikuja na masharti yake. Visimani kwao, aliye juu anamwita aliye chini kila mara, na wa chini lazima aitikie. Asipoitika, anavutwa, hakuna mjadala. Kwa hiyo hata sijasimama vizuri ndani, akaanza.

"Shemeji! Uko?"

"Niko!"

Nikasimamisha tochi, nikaanza kugonga. Kutu ilikuwa nene, ikibanduka vipande vipande kama ukoko wa wali. Naikumbuka kazi ile vizuri sana. Ilikuwa nyepesi. Mkono haukuchoka, na hasira zote ziliniisha, nikajiona nimefurahi bila sababu, mtu wa raha zake. Kila alipoita niliitikia. Aliita, nikajibu niko. Aliita tena, nikajibu, "Niko! Unadhani nimekwenda wapi, Hijaz?" Nikajicheka mwenyewe kwa kichekesho kile. Akaita tena, nikajibu kwa sauti kubwa zaidi, ili na dada asikie.

Halafu kamba ikanikaba makwapa ikaninyanyua. Bega likagonga ukingo wa tundu, tumbo likachubuka, nikatua juu ya bati la tangi lililokuwa likiunguza kama kikaango. Dada naye alikuwa juu, buibui limepandishwa magotini, ameshika mwisho wa kamba, analia.

Nilimtukana shemeji. Angalau nilidhani hivyo. Nilimwambia ameniumiza, amenikatizia kazi, hana adabu. Yeye alinitazama tu, akanifuta mdomo kwa shali lake, akamwambia dada, "Anabumua. Alhamdulillahi." Kisha akachungulia ndani.

"Tochi yake inawaka bado," akasema. "Wacha nichukue."

Akaingiza mguu mmoja. Bila kamba, kwa kuwa kamba nilikuwa nayo mimi.

Hapo ndipo akili ilinirudia, yote kwa mpigo. Ile raha. Ule wepesi. Fyuuu. Nikamwita. Nikaita kwa nguvu zangu zote, nikamwambia usiingie, utakufa, na nikaona kwamba hageuki. Dada naye hageuki. Sauti yangu naisikia vizuri, lakini hakuna mtu aliyeisikia. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu, hata siku niliyomzika baba. Nikajikokota kwa viwiko, nikadaka macawiis yake, ile shuka aliyojifunga kiunoni, kwa mikono miwili, nikavuta kwa uzito wangu wote. Ilimporomoka hadi magotini. Akaruka nje ya tundu akijishika kiunoni na kunilaani kwa Kisomali, dada akageuza uso, na mimi sikuiachia ile nguo mpaka nilipoona miguu yake yote miwili iko nje.

Siku ile hakuna aliyeingia tena. Tangi liliachwa wazi, na baadaye tukaazima mashine ya kupuliza hewa, tukalipuliza tangu asubuhi hadi jioni kwa siku mbili kabla sijathubutu hata kuchungulia. Nilichokuwa nimemshauri kwenye simu kilikuwa kweli tupu. Kutu ilikuwa imenyimwa hewa ikafa njaa, lakini kwanza ilikula yote iliyokuwemo, haikunibakizia mimi.

Mchana wa siku ile ile ya tangi tulikaa barazani. Ulimi wangu ulikuwa umefunguka, na kwa kuwa sina haya, nikaanza kubishana.

"Ulinivuta bure. Mimi nilikuwa nakuitikia."

"Hakuna."

"Nimekujibu kila mara! Nimekwambia mpaka habari ya Hijaz!"

Shemeji akamtazama dada. Dada akasema taratibu kwamba niliitikia ile mara ya kwanza, basi. Hakukuwa na kugonga tena wala sauti. Mumewe aliita, akaita, akaita, na yeye dada akapanda ngazi kuangalia, akaniona nimekaa kwenye maji, mgongo ukutani, nyundo mapajani, macho wazi.

"Natabasamu?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Ndiyo," akasema.

Sahani ya pilau ilikuwa mbele yetu, hakuna aliyeigusa. Shemeji alikuwa akizungusha tasbihi bila kuhesabu. Hakuwa akinitania alipouliza, nilimwona usoni kwamba anataka kujua kweli.

"Sasa shemeji, kama ningengoja kidogo, ukufe. Wewe ungejua umekufa?"

Nilianza kumjibu, kisha nikamtazama dada, nione kama ananisikia.