Viazi Vilivyomkataa Bibi Harusi

Mwuese alizaliwa na mkono wa kushoto mwepesi kuliko wa mtu yeyote ninayemjua, na mkono huohuo nusura umvunjie ndoa mwaka wa kwanza tu.

Alikuwa ameolewa na Orbunde, kwetu huku ng'ambo ya mto Katsina-Ala. Na huku kwetu bibi harusi hana jiko wala shamba mpaka mama mkwe atamke. Kabla ya hapo unakoroga chungu cha mama mkwe, na chumvi unaomba. Mama mkwe wake, Kpadoo, mdomo wake haukuwa na breki. Alitamka sharti mbele ya ukoo mzima: "Nampa mistari ile ya karibu na njia, avipandishe viazi vikuu kwenye fito. Vikipanda, namjengea jiko. Visipopanda, arudi kwao akafundishwe, maana waliniletea mwanamke nusu."

Basi Mwuese akaingia shambani. Kwao hakuwahi kuvigusa viazi vikuu, kwa kuwa bibi yake alisema mkono wa kushoto unavitia kisirani. Alikuwa wa kupalilia na kutwanga tu. Lakini kazi yenyewe aliiona nyepesi. Chipukizi limetoka kwenye tuta, refu, laini. Unalishika, unalizungusha kwenye ufito, unaenda kwa jingine. Mkono wa kushoto ukaruka tuta hadi tuta. Kabla jua halijapanda alikuwa amemaliza mistari yote, akarudi nyumbani anaimba.

Kesho yake asubuhi machipukizi yote yalikuwa chini.

Yote! Yamejilaza kwenye udongo, fito zimesimama uchi. Na wa kwanza kuyaona alikuwa wifi yake Dooshima, ambaye ukitaka jambo lifike sokoni mwambie yeye.

"Wifi, viazi vya watu umevifanyia nini?" Dooshima alipaza sauti, kicheko kimembana. "Au umevisimulia habari za kwenu vikazimia?"

"Upepo huo," Mwuese alisema.

"Upepo gani uruke mistari ya mama uje kwenye yako tu? Sema vimekukataa, tujue."

Alivizungusha tena vyote. Kesho yake vikawa chini tena. Sasa utani ukaisha, maneno yakaanza. Shangazi wa Orbunde akasema viazi vina macho, vinamjua mtu. Orbunde mwenyewe akawa anakula bila kumtazama mkewe. Mama Kpadoo akasema, "Wiki hii ikiisha hivi, Orbunde atakusindikiza kwenu." Mwuese alilia siku hiyo, kilio cha hasira, maana kosa lake hakulijua.

Akaamua kuketi shambani kulitafuta. Alichagua chipukizi moja ambalo ncha yake ilikuwa inaning'inia hewani, haijashika kitu, akachomeka kijiti palepale ilipoelekea. Akapalilia kidogo. Aliporudi, ncha haikuwa kwenye kijiti. Akachomeka kingine. Akapalilia tena, akarudi mbio. Imesogea tena! Akatupa jembe. Jamani, kitu kile kilikuwa kinatembea! Taratibu, huwezi kukiona kikienda, lakini kinazunguka hewani kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Na kilizunguka kwa njia moja tu. Akakimbilia cha pili, cha tatu, akakagua hata vile vilivyokuwa kivulini. Vyote njia ileile.

Akaenda kwenye mistari ya mama mkwe wake. Akasimama mbele ya ufito, akafuata shina kwa kidole: upande ulio mbele yako, linapanda kutoka kushoto kwenda kulia. Ufito wa pili hivyohivyo. Wote! Akautazama mkono wake wa kushoto, ambao siku zote ulizungusha kutoka kulia kwenda kushoto.

"Mama yangu!" alipiga kelele peke yake. "Nimekuwa navisokota kinyume!"

Akavirudia vyote, kwa mkono uleule wa kushoto lakini kwa njia ya viazi. Asubuhi vilikuwa vimesimama. Ncha zimezikumbatia fito na kuongeza mzunguko mwingine bila kuguswa na mtu. Mwuese alirukaruka kati ya matuta, kanga ikamwanguka, akaiacha.

Alikimbia hadi uani, akamkuta Mama Kpadoo anamenya viazi na Dooshima anatwanga. "Mama! Vimepanda! Havikunikataa, vina njia yao! Kila kiazi kinapanda kwenda kulia!"

"Kila kiazi?" Mama Kpadoo hakuinua macho. "Haya, nipandishie na kile."

Alionyesha ukuta wa jiko. Pale palikuwa na kiazi cha aina nyingine, kile kinachozaa hewani, juu kwenye shina. Kila mwaka Mama Kpadoo mwenyewe alikizungusha kwenye ufito, kila mwaka kilimwangukia, na mwisho alikifunga kwa kamba kama mbuzi. Mwuese hakusita. Akakizungusha kulia, akapiga makofi.

Asubuhi kilikuwa kimelala kifudifudi mlangoni pa jiko.

"Mwalimu!" Dooshima aliangua kicheko hadi mchi ukamtoka. "Njoo umwamshe mwanafunzi wako, kachelewa!"

Mwuese alitamani ardhi ipasuke. Lakini safari hii hakulia. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya kiazi kile, vijiti mkononi, na hakuna aliyeweza kumwondoa. Orbunde alimletea maji akamwambia kwa sauti ya chini, "Achana nacho, mke wangu, wanakucheka." Akamjibu, "Wacheke. Sogea, unaniziba." Akachomeka kijiti, akasubiri. Akachomeka kingine. Ghafla akaruka, kigoda kikapinduka.

"Hiki kinakwenda kushoto! Mama, njoo uone! Hiki ni cha kushoto kama mimi!"

Akakizungusha upesi, safari hii vile mkono wake ulivyopenda tangu mwanzo, ukaenda wenyewe bila kufikiri. Na asubuhi iliyofuata watu wote wa boma walikuja kutazama, hata shangazi. Kiazi kilikuwa juu ya ufito. Hakikufungwa kamba yoyote. Ncha yake ilishapita kimo cha Dooshima, naye Dooshima akainua shingo kuitazama.

Mama Kpadoo alikigusa, akalifuata shina kwa kidole, mzunguko mmoja, mwingine, mpaka mkono haukufika tena. Akageuka.

"Orbunde! Chukua jembe, kachimbe udongo. Mkeo anajengewa jiko leo."

Vigelegele vikapigwa. Mwuese alipiga magoti kushukuru, machozi yanamtoka huku anacheka. Akainua macho akamwona mama mkwe wake bado ameshika ule ufito, uso umelowa machozi.

"Mama, nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu," Mama Kpadoo alisema. "Kiazi hiki nilipewa na mama mkwe wangu nilipoolewa, nikipandishe. Kikaanguka. Akaniambia kinanikataa kwa sababu mimi si mke wa boma hili, na hakuacha kuniambia hivyo mpaka tulipomzika." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nami nilimwamini, mwanangu. Miaka yote hii nimeishi hapa kama mgeni."