Shoka Tulilolisugua Mimi na Bibi

Harufu ya ndimu juu ya chuma hunifukuza jikoni mpaka leo. Si harufu mbaya. Ina uchachu na ubaridi fulani, na hubaki vidoleni hata baada ya kunawa kwa sabuni mara tatu. Binti yangu anadhani nina mzio wa ndimu, nami nimemwacha adhani hivyo, maana ni rahisi kuliko kueleza. Ukweli ni kwamba harufu hiyo hunirudisha kwenye ua wa nyumba yetu ya Sib, nje kidogo ya Maskati, nikiwa na umri wa miaka kumi, nimechuchumaa mbele ya beseni pamoja na bibi yangu mzaa baba, tunasugua shoka. Nyumba yenyewe ilikuwa moja ya zile za serikali zilizofanana kama mayai ya trei moja, na upepo ukitoka ufukweni ulituletea harufu ya samaki walioanikwa. Siku ile, hata samaki sikuwasikia. Nilisikia ndimu tu.

Shoka hilo ndilo kitu pekee cha ukoo wetu kilichovuka bahari kutoka Unguja. Baba alikuja Maskati akiwa kijana, yeye na mama yake, na mzigo wao ulikuwa sanduku moja na shoka lililofungwa ndani ya kanga. Waomani wengine wa Unguja walirudi na hati na barua zilizotaja babu zao mpaka wa saba. Sisi tulirudi na shoka. Majirani zetu walikuwa watu wema, wa kuletea sahani ya halwa hata pasipo sikukuu, lakini kila mgeni akikaa kitako swali lilikuwa lile lile: asili yenu wapi? Baba alilijua kabila letu. Kijiji hakukijua. Babu, aliyekijua, alikufa Unguja bila kukitaja, na Bibi aliolewa mdogo mno hata asiwe na habari ya kuuliza. Basi baba alijibu kwa kutaja kabila, kisha akamimina kahawa haraka ili pasiwe na swali la pili. Nilikuwa mtoto, lakini nilimwona anavyoinama juu ya dele la kahawa, na nilimwonea huruma.

Kichwa cha shoka kilikuwa kidogo, hakikuzidi kiganja changu, na mpini wake ulikuwa mrefu kama bakora. Chuma chote kilikuwa cheusi, weusi wa kahawia ulioshikana nacho kama ngozi. Alasiri moja baba alinipeleka nalo uani, akaliinamisha mpaka jua likalipiga kwa ubavu, na hapo nikaona. Chini ya weusi kulikuwa na mstari wa herufi zilizotariziwa kwa uzi wa fedha, mwembamba kuliko unywele. Saif bin, ndivyo lilivyoanza, kisha herufi zilizoshikamana ambazo baba hakuziweza, na mwisho neno moja lililosimama peke yake.

"Neno hili ndo kwetu," alinambia. "Limeandikwa, mie ndo siwezi kulisoma. Nnataka nilipeleke kwa wanaojua. Na wewe usiliguse, umesikia? Hili halisafishwi."

Wanaojua aliowakusudia walikuwa kundi la wanaume waliokutana Qurum kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwa mzee mmoja aliyeitwa Nasser. Mwenzake wa ofisini ndiye aliyemdokezea, na kwa miezi miwili baba alikwenda peke yake, mikono mitupu, akasikiliza tu. Akirudi alikuwa mtu mwingine. Alitusimulia mezani jinsi wahandisi na madaktari wa meno wanavyokaa zuliani wakipokezana rungu la chuma lenye mbavu sita, kila mmoja akilipima mkononi kama mama apimavyo papai sokoni. Walikuwa na vichwa vya mikuki, ngao ya ngozi ya kifaru iliyotoboka, na upinde usio na uzi. Waliweza kubishana saa nzima juu ya tundu la mpini, kama lilitobolewa likiwa moto au baridi. Mama alicheka akasema wanaume wakikosa kazi hutafuta vyuma. Lakini Mzee Nasser alikuwa na sharti moja lililomvutia baba kuliko yote: upanga hauingii ndani ya majlisi yake, chumba cha kupokelea wageni. Panga, alisema, zimekwisha kusifiwa vya kutosha. Zinachezewa harusini na kutundikwa maofisini, na kila mtu anadai babu yake alikuwa nazo. Shoka na mkuki vilikuwa vya mtu wa miguu, aliyekwenda vitani kwa kuamrishwa na akirudi anakatia kuni, na mtu huyo hakuna anayemtaja. Baba alilirudia jambo hilo mara nyingi. Nadhani aliona kwamba pale, kwa mara ya kwanza, hata mtu kama yeye alikuwa na kitu cha kuweka zuliani.

Hatimaye Mzee Nasser akamwambia Ijumaa ijayo alete chake. Alhamisi baba akaenda kazini, na Bibi akalitoa shoka kabatini alikokuwa akitafuta ubani. Bibi macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini uchafu aliuona kwa vidole. Kwake yeye hakuna kitu kilichotoka nje ya nyumba kwenda mbele za watu bila kusuguliwa. Kabla ya sikukuu, kabla ya wageni, hata kabla ya kumwazima jirani sinia, ilikuwa ndimu, jivu na mchanga mpaka uuone uso wako. Alijifunza hivyo kwao Unguja na hakuna aliyethubutu kumwambia nini kisisafishwe. Baba aliniambia mimi, hakumwambia yeye.

"Hivi ndo babaako anataka kulipeleka kwa watu?" aliniuliza, akilipapasa. "Watasema nyumba haina wanawake. Njoo hapa, nletee beseni."

Nilijua. Hili ndilo ninalotaka lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nimejidai kuwa sikujua. Nilikumbuka kila neno la baba, na nilileta beseni. Nikaleta na waya wa kusugulia masufuria, ambao Bibi hakuuomba. Fikira yangu ilikuwa hii: herufi zimefichwa na weusi, weusi ukiondoka zitasomeka, baba atafurahi, na atakayekuwa ameliokoa jina la kijiji ni mimi. Kwa hiyo Bibi alisugua makali na mgongo, mimi nikasugua ubavu wenye maandishi, na pale palipoandikwa nilisugua kwa nguvu zangu zote. Ndimu iliingia kwenye mikwaruzo ya vidole, ikaniwasha, nikavumilia. Kulikuwa na vichembe vyeupe juu ya jivu, vyembamba kama nyuzi. Nikavipuliza. Tulipomimina maji, shoka lilimetameta kama kisu kipya cha samaki, na ubavu wake ulikuwa mtupu. Bibi akalifuta kwa kanga, akalifunga vizuri, akanisifu kwamba nina mkono wa kazi. Niliomba usiku usifike na kesho isije.

Baba hakulifungua. Ijumaa alivaa dishdasha mpya, akanichukua pamoja naye kwa sababu nilimwomba mwezi mzima, na njia nzima mpaka Qurum alinisomea kwa sauti namna atakavyowaeleza. Nilikaa na kifurushi mapajani. Nilikuwa na nusu saa ya kusema, na barabara haikuwa na magari, na kila taa nyekundu tuliyosimama nilijiambia taa ijayo. Majlisi ilikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya mafuta ya bunduki. Wanaume sita walijisogeza kumpa nafasi. Baba akafungua kanga taratibu, kama anavyofunuliwa mtoto aliyelala, na nikauona uso wake ukiganda. Mzee Nasser akalichukua, akaligeuza, akapitisha kidole gumba ubavuni, akalipima mkononi. Alikuwa mtu mwungwana, na kwa uungwana huo akauliza kwa Kiarabu, akitabasamu: "Mashallah, kazi safi. Umelinunua wapi?"

Wote walingoja. Baba angeweza kusema. Angeweza kueleza Unguja, kanga, Saif, na uzi wa fedha. Lakini angelazimika kueleza pia ni nani alilisugua, mbele ya watu wageni, na waliokuwa ndani ya nyumba yake ni mama yake mzazi, mke wake na binti yake.

"Matrah," akasema. "Sokoni."

Mzee Nasser akaitikia kwa kichwa, akamrudishia shoka, na mazungumzo yakahamia kwenye kichwa cha mkuki cha mtu mwingine. Tulikunywa kahawa, tukala tende, tukaaga. Garini, tulipoukaribia uwanja wa ndege, baba akauliza, bila kunitazama, "Nani kalisugua?"

"Bibi," nikasema.

"Haya," akasema. Hakuuliza tena. Tulipofika, Bibi alikuwa amekaa barazani akitungoja, akataka kujua kama wamelipenda. Baba akambusu mkono, akamwambia, "Wamelipenda sana, mama. Wamesema linang'ara." Bibi alifurahi wiki nzima. Alikufa miaka minne baadaye akiwa na furaha hiyo, na baba hakumwambia lolote. Qurum hakurudi. Akiulizwa asili yetu wapi, tangu siku ile alijibu Sib, akacheka kidogo kana kwamba ni mzaha. Mara nyingi nilikusudia kumwambia ukweli, hasa alipokuwa hospitali, na mara nyingi nilikuta muuguzi yumo, au mgeni yumo, au amelala. Alifariki kabla sijakosa visingizio.

Siku hizi mambo hayo ya vyuma yamerudi kwa kishindo. Binti yangu anasoma chuo, na yeye na wenzake wana kundi kwenye simu la wapenda silaha za kale, wavulana kwa wasichana, na bado sharti ni lile lile, upanga hautakiwi. Wananunua vichwa vya mashoka na marungu vilivyofuliwa mwaka huu huu, kisha wanaviloweka kwenye siki, wanavipaka chai nzito, wanavifukia mchangani ufukweni Qurayyat wiki mbili ili vionekane vizee. Nilipomwona anafukua rungu lake lenye kutu na kuliangalia kwa mapenzi, nililazimika kuondoka. Ningempa Mungu nini aniuzie wiki mbili kama zile, za kulirudisha shoka letu lilivyokuwa kabla ya beseni?

Mwezi uliopita walipanga maonyesho madogo, huko huko Qurum, akaniomba shoka la babu yake. Nilikuwa sijalifungua kwa miaka mingi. Unyevu wa bahari umefanya kazi yake, chuma kimeiva tena, cheusi cha kahawia, na mtu asiyejua angeapa kwamba hakijaguswa tangu enzi za maimamu waliotawala Oman. Kijana anayeongoza kundi alilipokea kwa mikono miwili. Akasema hili ndilo lenyewe, mengine yote humu ni maigizo. Akalisogeza dirishani, akaliinamisha mpaka mwanga ukalipiga kwa ubavu, kama alivyofanya baba uani.

"Khalati, hapa pamekwaruzika mahali pamoja tu," akasema, akiniita mama mdogo kwa Kiarabu. "Kama palikuwa na maandishi. Ni la kijiji gani?"

Binti yangu akanigeukia naye, akisubiri. Nikawaambia sijui, na safari hii sikudanganya. Kijana akachukua kadi aliyoiandaa, akaandika shoka, akaandika Oman, na mbele ya neno kijiji akapiga kistari.