Mwoga Aliyemwua Simba

Wasomaji wangu, mfugaji aliyekuwa jirani yangu huku milimani Mwese amekufa, na amekufa vibaya. Homa ilimbana, tukamlaza kwenye machela tumpeleke hospitali Mpanda. Mtoni tukakuta maji yamefika kiunoni, pikipiki ziko ng'ambo. Vijana wakaweka machela chini. Kila mmoja akasema haogopi, ila anasubiri maji yapungue. Yakapungua kweli, yeye ameshakata roho.

Simsifu kwa sababu amekufa. Alikuwa mwoga, na kijiji kizima kilijua. Aliwahi kupanda mti akimkimbia ndama. Lakini mwaka ule binti yangu alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, mtoto akakaa vibaya, mkunga akasema huyu nisipomfikisha zahanati nitazika wawili. Njia ilikuwa moja tu, nayo ilipita kando ya kichaka alimojificha simba mwenye mshale begani. Wawindaji walikuwa wamemjeruhi wakamwacha humo, sasa wamekaa uani kwangu wananoa mikuki ambayo ilikuwa mikali toka asubuhi. Binti analia ndani, wao wananoa.

Mwoga akasimama. "Mimi naogopa," akasema. "Mwingine anayeogopa ni nani, twende wote."

"Kaa chini wewe," mmoja akamjibu. "Atatokea ndama huko utuachie mkuki."

Wakacheka. Mzee mmoja hakucheka, akasema na yeye anaogopa. Wa tatu akasema hivyohivyo. Wakaingia kichakani wameshikana mashati kama watoto, mwoga mbele, anasema naogopa, naogopa, kwa sauti. Simba alipomrukia, alisukuma mkuki huku amefumba macho, ukamwua. Tukapita. Binti akajifungua wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza, leo ni fundi ujenzi na nyumba zake hazipati ufa.

Kwao Wasukuma, aliyeua simba huzunguka mji kwa mji akicheza namna alivyomwua, watu wakimtuza. Wengine hucheza kama radi. Yeye alicheza magoti yanayogongana, akacheza kufumba macho. Nikamwuliza, "Baba, mbona unajiaibisha?"

"Mayu," akaniita mama kwa lugha yao, "nikicheza uongo, simba akija tena hawa watoto watasubiri mtu asiyeogopa. Na huyo mtu hayupo."

Maneno hayo yananitafuna sasa. Daraja tumeahidiwa mpaka tumezeeka, mvua siku hizi inashuka kama imetukanwa, na vijana wetu wote ni mashujaa, kwenye simu zao hakuna anayetetemeka. Mjukuu wangu huyohuyo alikuwa ameshika machela. "Bibi, siogopi, ni maji tu," aliniambia. Nimemlea mimi, najivunia yeye kuliko mwenye ng'ombe anavyojivunia zizi, lakini pale mtoni nilishindwa kumtazama usoni. Kamba ilikuwepo. Wangeshikana wangevuka. Ila mtu hawezi kuomba mkono wa mwenzake huku anajidai haogopi, kwa hiyo wakasimama kila mtu peke yake, na jirani yangu akafia kwenye matope katikati ya wanaume wazima.

Mvua bado inanyesha, na mke wa mjukuu wangu ana mimba kubwa. Nimemwambia mjukuu: siku ikifika usije kunidanganya. Sema unaogopa, wenzako wasikie, mshikane, muingie majini.