Chainizi Nilizompandia Mama Mkwe

Jamani, hili nalisimulia kwa shingo upande, kwa sababu mke wangu Fausta ameshalimwaga kwenye kikoba chao, bora mlisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika.

Mimi mtu wa Manyoni, kwetu tunajua mtama na mbuzi, basi. Lakini nimeoa Mluguru, na kwa Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, kwa hiyo yale matuta ya ngazi kule Mgeta, yenye maji mwaka mzima na baridi ya kuvaa sweta, mwenye kauli ni mama mkwe. Aliposema amechoka, anatafuta mkwe wa kumwachia tuta moja alime, nikampigia simu upesi nikamwambia (ulimi uliniponza hapa) kwamba mimi hapa Kihonda nina bustani ya chainizi, majani mapana hayo, nyumbani hatununui mboga.

Bustani ilikuwepo, sidanganyi. Ila chainizi inapenda baridi, na mimi nilisia mbegu Januari, hapa mjini ambapo hata mbwa wanashinda ulimi nje, kwa hiyo haikufika hata magotini ikatoa maua ya njano, na majani yakawa machungu kama mwarobaini. Ningemwambia hivyohivyo yangeisha. Lakini aliposema, "Jumamosi nashuka, nataka nione huo mkono wako," mimi nikajiona nina akili.

Jumamosi asubuhi nikang'oa zote nikazitupa nyuma ya bafu, nikapanda bodaboda hadi sokoni, nikanunua mafungu ya chainizi zilizoshuka kutoka milimani alfajiri, zimekatwa mashina, nikarudi nikazichomeka kwenye tuta nililolowesha maji, mstari kwa mstari. Jirani yangu Mzee Shabani, anapiga zake mswaki uani, akaniuliza, "Baba Neema, hizo zimeota saa ngapi?" Nikamjibu ni mbegu ya kisasa.

Mama mkwe alitarajiwa saa tatu. Gari lao likanasa kwenye tope huko njiani, akafika saa saba, jua la utosi, na wakati huo nimeshamwaga ndoo kumi na moja lakini chainizi zote zimelala ubavu. Na hakuja peke yake, kaja na wanawake wawili wa jumuiya yake, na Mzee Shabani naye akajongea (ameitwa na nani?) kuiangalia hiyo mbegu ya kisasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Mbona shamba lako limesinzia?"

"Jua, mama."

Nikambembeleza aingie ndani anywe soda, akakataa, mboga atachuma mwenyewe, na katika zote akaiendea moja iliyonenepa kuliko nyingine, pale ambapo kwa haraka zangu nilichomeka fungu zima bila kulifungua. Akavuta jani. Zikaja tatu kwa pamoja, hazina mzizi hata mmoja, zimefungwa kamba ya mgomba. Akaigeuza ile kamba, akalitazama fundo.

"Mkwe, hili fungu nimelifunga mimi jana jioni."

Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye tuta, tope na kitenge chake. Mzee Shabani akauliza hizo mbegu zinazoota na kamba zinauzwa wapi. Nikamsikia Fausta naye anacheka jikoni, na hiyo ndiyo iliniuma.

Mama mkwe hakucheka. Akazunguka nyuma ya bafu, akazikuta zangu zilizotoa maua, akatafuna jani.

"Hizi ndizo ulizolima?"

"Ndiyo, mama."

"Joto hilo, linamtokea kila mtu. Ningekwambia usubiri Juni. Sasa mtu anayenificha mboga, nikimwachia shamba atanificha nini?"

Lile tuta nililitamani kweli jamani, nilishaliota mpaka na mfereji wake, na nililipoteza nimesimama pale na ndoo mkononi.

Amepewa mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake Fausta, fundi cherehani asiyejua jembe linashikwaje, aliyemwambia tu, "Mama, sijui, nifundishe." Mimi huko ukweni naitwa Mteja, na nimeapa sitajisifia tena kitu chenye majani.

Juzi mama mkwe kanipigia kuuliza bustani niliyosia upya inaendeleaje. Safari hii nikamwambia ukweli, "Mama, kuku wameimaliza yote."

"Haya," akasema, "njoo basi unisaidie kubeba samadi."