Oili ya Mogitu, Baridi ya Tlawi

Gari la marehemu mume wangu lina milango miwili, limelala chini kama kuku anayeatamia, na Tlawi nzima inajua kwamba halibebi hata gunia la mahindi. Ni gari la mbio, la zamani, na alilipenda kuliko shamba. Alipofariki, kaka yake mkubwa alitaka tuliuze kwa watu wa vyuma chakavu, tununue ng'ombe wa kulimia. Nilikataa. Akasema sawa, ila siku nitakayoshindwa kuliwasha mbele yake, ubishi umekwisha.

Na kila asubuhi lilikuwa linagoma kweli. Majirani walinisaidia kulisukuma mteremkoni kabla ya kwenda shamba. Likishawaka, injini inagonga kama mtu anapiga sufuria, na taa nyekundu ya oili inakawia kuzimika. Fundi wetu yuko Mogitu, huko chini kwenye joto, na ndiye aliyenijazia oili nzito ya matrekta.

"Injini hii imezeeka, mama. Ukiipa nyepesi itaivujisha yote."

Huku kwetu wote wanaamini hivyo. Wanapeleka magari Mogitu, wanawekewa oili ya joto la Mogitu, kisha wanapanda nayo kwenye baridi na kulaumu injini.

Mimi nimekulia kwenye samli. Samli ninayompelekea dada yangu aliyeko Gehandu, nako chini kwenye joto, asubuhi nikiwa huku naichimba kwa kijiko. Nikifika kwake inamiminika yenyewe. Sasa nani aniambie oili haijui baridi?

Nikanunua ile ya kumi kwa arobaini, ambayo injini ikiwa baridi inapita kwa urahisi, na ikipata moto haiwi maji. Nikaimwaga ile ya trekta mwenyewe, nimelala chini ya gari, kitenge kiunoni. Majirani wakacheka kwamba mjane anamlisha marehemu oili. Wacheke. Ni kweli inavuja kidogo, nami nitaongezea. Ng'ombe naye hula kila siku, na hakuna anayemwitia kikao cha ukoo.

Jumamosi shemeji akaja na mnunuzi wa vyuma, umande ukiwa bado kwenye kioo. Alichagua saa hiyo makusudi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Liwashe tuone."

Niliogopa, sifichi. Lingekataa, lingeondoka siku ile ile vipande vipande, na mimi ningebaki yule mwanamke aliyebishana na wanaume akashindwa. Nikazungusha ufunguo. Likakohoa, likawaka. Taa ikazimika hapo hapo, na hapakugonga kitu. Mnunuzi akarudi kwenye pikipiki yake bila kuaga.

Shemeji akapapasa boneti.

"Basi libaki," akasema. "Ila ujue hili ni gari la ukoo."

"Gari la ukoo ndilo ulilokuja kuuza kama chuma chakavu, shemeji," nikamwambia. "Hili linalonguruma ni langu."